Askari wa Bure Aliyemuua Mfalme



Mwezi huu sitaanza na mahubiri. Nitaanza na mchezo. Kama uko na ubao wa esheki nyumbani, uulete karibu. Kama huna, kamata karto, chora vyumba 64, na vifuniko vya chupa vitatosha. Mchezo ninaotaka kukuonyesha ni mfupi sana: kila mtu alicheza mara 7 tu. Aliyeanza alishindwa, aliyefuata alishinda. Na yule aliyeshindwa alisema neno moja ambalo mpaka leo halijatoka kichwani mwangu. Tutafika kwenye neno hilo.

MCHEZO WA WAFALME

Mchezo huu vijana wetu wanauita esheki, kwa kufuata Kifaransa. Kwa Kiswahili jina lake ni sataranji. Ulizaliwa Uhindi, zaidi ya miaka 1300 iliyopita. Kutoka Uhindi ukaingia Uajemi, Waarabu wakaupokea, nao wakaufikisha Ulaya. Ubao ni kama uwanja wa vita. Kila upande uko na watu 16: mfalme mmoja, malkia mmoja, minara miwili, farasi wawili, askari wa miguu 8, na wawili wengine ambao kila taifa linawaita namna yake. Waarabu walimwita tembo. Waingereza wanamwita askofu. Wafaransa wanamwita mwenda wazimu! Mimi ni mchungaji, sitasema ni nani aliye na haki. Hapa tutamwita askofu, kusudi tusikosane na ndugu zetu Wamethodisti.

Mwenye vitu vyeupe anaanza siku zote, mwenye vitu vyeusi anafuata. Kuanza ni faida. Tangu watu waanze kuandika michezo yao, Nyeupe inashinda mara nyingi kidogo kupita Nyeusi. Lakini kidogo tu. Tukumbuke neno hilo, sisi tulio wengi tuliofika duniani tukiwa nyuma.

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza: "Papa Pasta, huu mchezo si mambo ya kamari?" Nilimjibu kwamba karata zinachezwa kwa feza na karata zinachezwa bila feza, mwenye kosa ni moyo wa mtu. Kwetu hakuna anayeweka hata franka moja. Tena, mmoja wa watu wa kwanza kuandika kitabu kikubwa juu ya mchezo huu huko Ulaya alikuwa padri wa Hispania, Ruy López, mwaka 1561. Na karibu nasi, katika Uganda, msichana Phiona Mutesi wa mtaa maskini wa Katwe, Kampala, alijifunza mchezo huu kwa kazi ya Wakristo waliokusanya watoto, wakawapa uji na kuwafundisha. Mwaka 2010 alicheza kwa ajili ya nchi yake katika mashindano makubwa ya dunia huko Urusi, na mwaka 2016 maisha yake yakatolewa katika filamu. Basi mzee wetu alinyamaza. Siku hizi anakuja mwenyewe kutazama.

MAMA MMOJA ASUBUHI

Ilikuwa Jumamosi, siku ya posho kama wazee wetu wa kazi walivyozoea kuiita. Asubuhi mama mmoja wa paruasi alikuja nyumbani kwangu. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Papa Pasta, mutoto anasema Siku ya Kwanza anaenda ku kariere. Ndugu yake amemupatia nafasi. Bote, chakula, lampe, vyote bure. Bure, anasema! Na Examen d'État inabakia miezi mbili tu."

Nilimjua mtoto yule. Miaka 19, mwaka wa 6 wa sekondari, sauti nzuri ya besi katika kwaya. Baba yake alipoteza kazi, na kila nyumba ya mtaa wetu inajua maana ya maneno hayo. Nilimwambia mama: "Mangaribi nitasema naye."

Mangaribi nikaenda kwenye sali ya vijana, kisha mazoezi ya kwaya. Tuko na kundi dogo linalocheza pale kila Jumamosi. Hakuna bingwa kati yao. Ni wachezaji wa klabu tu: wanajua sheria, wanajua mianzo miwili mitatu, leo huyu anashinda, kesho mwingine. Kijana wangu alikuwa amekwisha kukaa mbele ya ubao na vitu vyeupe. Mbele yake mtoto wa miaka 14 na vitu vyeusi. Hapa nitawaita Mkubwa na Mdogo. Sikutaka kuwakatiza. Nikavuta benchi, nikangoja.

MCHEZO WENYEWE

Kwa wale wasiojua kuandika mchezo: njia za ubao zinaitwa kwa herufi, toka a mpaka h, kutoka kushoto kwa Nyeupe kwenda kuume. Mistari inahesabiwa 1 mpaka 8, kuanzia upande wa Nyeupe. Mfalme mweupe anakaa e1, mfalme mweusi e8. Sasa tufuate pamoja.

1. Nyeupe: askari toka e2 mpaka e4. Nyeusi: askari toka e7 mpaka e5.

2. Nyeupe: farasi toka g1 mpaka f3. Nyeusi: farasi toka b8 mpaka c6.

Mpaka hapa ni mambo ya kila siku. Farasi mweupe anamtisha askari mweusi wa e5, na farasi mweusi anatoka kumlinda askari wake. Kama vile mtu anavyoweka mlinzi mlangoni.

3. Nyeupe: askofu toka f1 mpaka c4. Nyeusi: farasi toka c6 mpaka d4.

Hapa simama, ndugu msomaji. Tazama alichofanya Mdogo. Farasi yule alikuwa mlinzi wa askari wa e5. Sasa ameruka mpaka d4, katikati ya ubao, na askari wake amebaki peke yake. Hana mlinzi. Ni wa bure kabisa.

Mkubwa aliona. Akacheka. "Mudogo, umesahau askari yako."

"Cheza tu, Yaya," akajibu mtoto. Macho yake yalitazama chini.

4. Nyeupe: farasi wa f3 anakula askari wa e5. Nyeusi: malkia toka d8 mpaka g5.

Mkubwa hakukaa hata sekunde 5. Aliinua mkono, akakula. Lakini sasa malkia mweusi ametoka, na pale g5 anatisha vitu viwili pamoja: farasi mweupe wa e5, na askari mweupe wa g2 aliye karibu na nyumba ya mfalme. Mtu mwenye hekima angesimama hapa na kujiuliza mambo yamegeukaje. Mkubwa hakusimama, kwa sababu aliona kitu kingine kizuri zaidi.

5. Nyeupe: farasi wa e5 anakula askari wa f7. Nyeusi: malkia wa g5 anakula askari wa g2.

Farasi mweupe, pale f7, anatisha malkia wa g5 na mnara wa h8 kwa mara moja. "Voilà!" akasema Mkubwa. "Malkia ao mnara, chagua mwenyewe." Vijana waliosimama pale wakapiga makofi. Kwa macho, Nyeupe ilikuwa inashinda: amekwisha kula askari wawili, na kitu kikubwa kinamngoja. Lakini malkia hakukimbia nyuma. Alikimbia mbele, akaingia g2, mlangoni mwa mfalme, na kutoka pale anamtisha mnara wa h1.

6. Nyeupe: mnara toka h1 mpaka f1. Nyeusi: malkia wa g2 anakula askari wa e4, na mfalme anatishwa.

Mkubwa akaokoa mnara wake. Ni jambo la haki, kila mtu angeokoa. Lakini kwa kuuokoa aliuweka f1, karibu kabisa na mfalme, na hivyo akafunga mlango mmoja wa nyumba. Sasa malkia mweusi yuko e4, anatazama mfalme wa e1 moja kwa moja. Lazima kuweka kitu katikati. Akiweka malkia e2, farasi mweusi atamkula. Basi akarudisha askofu.

7. Nyeupe: askofu toka c4 mpaka e2. Nyeusi: farasi toka d4 mpaka f3. Mati.

Sali ikanyamaza. Mkubwa akainama juu ya ubao, akatafuta. Farasi wa f3 anamtisha mfalme. Nani atamkula? Askari wa g2 angemkula, lakini yeye amekwisha kuliwa. Askofu wa e2 yuko karibu, lakini hawezi kutoka: akitoka, malkia wa e4 anamwona mfalme. Malkia mweupe amefungwa nyuma ya askofu wake mwenyewe. Na mfalme akimbilie wapi? d1 amekaa malkia wake. d2 askari wake. e2 askofu wake. f2 askari wake. f1 mnara wake. Vyumba vitano vinamzunguka, na vyote vitano vimejaa watu wake mwenyewe.

Neno hili mati lilitoka Uajemi. Maana yake ni kwamba mfalme amekwama, hana njia tena.

Mkubwa akahesabu vitu vyake, mara moja, mara mbili. Ni kweli alikuwa amepoteza askari wawili tu, na Mdogo vilevile askari wawili tu. Akainua kichwa akaniangalia mimi, kama vile mimi ni mwamuzi, akasema neno lile nililokuambia:

"Papa Pasta, lakini vitu vyangu vyote viko!"

ALIKOSEA WAPI?

Tukarudisha vitu mahali pao, tukatazama pamoja. Mkubwa alifikiri kosa lake ni mara ya 7, ao ya 6. Hapana. Mara ya 6 alikuwa amekwisha kuchelewa. Hata mara ya 5 alikuwa bado na njia: kumtoa askofu wa c4 akule f7 na kumtisha mfalme mweusi, kisha kumficha mfalme wake nyuma ya mnara. Angepoteza farasi mmoja, angebaki na askari wawili wa faida, na mchezo ungeendelea. Lakini ili kufanya hivyo alipaswa kukubali kwamba alikosea, na hakuna jambo gumu kwa kijana kama hilo. Wala si kwa kijana tu.

Kosa lenyewe ni mara ya 4, pale alipokula askari wa bure bila kukaa hata sekunde 5.

Ujue, ndugu msomaji, hata Mdogo hakubuni kitu. Aliuona mchezo huu katika simu ya kaka yake. Ni mtego wa zamani. Waingereza wanauita kwa jina la Blackburne, mchezaji wao mkubwa aliyeishi toka 1841 mpaka 1924, na kwa jina la shilingi, kwa sababu inasimuliwa kwamba wachezaji wa dau la shilingi ndio waliokuwa wakinaswa. Mwaka 1912, katika mji wa Köln, Ujerumani, mtu aitwaye Mühlock alicheza Nyeupe na Boris Kostić Nyeusi, wakapita njia hii hii mpaka mati ya mara ya 7. Miaka mingi imepita, na watu wanaendelea kuanguka katika shimo lile lile. Juu ya nini? Kwa sababu moyo wa mtu haujabadilika. Kitu cha bure kikionekana, mkono unatangulia na akili inafuata nyuma.

Nikawauliza vijana wote: "Mukiona kitu cha bure juu ya ubao, swali la kwanza ni gani?"

Mmoja akasema: "Kuangalia kama ni cha bure kweli." Mwingine: "Kuhesabu." Mdogo ndiye aliyejibu vizuri kupita wote: "Papa Pasta, swali ni hili: juu ya nini amekiacha?"

SWALI LA MDOGO

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumwambia Mkubwa juu ya masomo. Niliyaacha yote. Nikamwomba tutoke nje, tukakaa chini ya mti wa maembe, nikamwambia: "Mama yako alikuja asubuhi. Ndugu yako anakupa bote, chakula na lampe. Juu ya nini?"

Akanyamaza. Kisha akasema: "Sijue, Papa Pasta."

"Basi enda umuulize. Nani analipa vitu vile, na anataka nini? Halafu utaamua mwenyewe. Uko na miaka 19."

Hapa nataka nieleweke vizuri. Sikukataza kuchimba. Siwezi kusimama mimbarani na kuwalaani watu wa kariere, maana ni mikono yao inayolisha nusu ya mtaa wetu, na sadaka ya Jumapili inatoka wapi? Kazi ya mikono Mungu haichukii. Sheria ya migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inampa Mkongomani mtu mzima nafasi ya kuchimba kwa mikono akiwa na karte yake na mahali palipokubaliwa. Lakini sisi wote tunajua pia kwamba shimo halina huruma. Mwezi wa Juni 2019, huko Kolwezi, udongo uliporomoka ukafunika watu, na zaidi ya 35 walikufa. Kwa hiyo anayeshuka, ashuke akiwa amehesabu.

Jumapili, kisha ibada, Mkubwa alimkuta ndugu yake na kuuliza. Siku ya Kwanza alikuja kwangu, hakuenda kariere. Alinieleza hivi. Bote, chakula na lampe vinatoka kwa mnunuzi wa mawe. Ni avance. Kundi linalokula avance linapaswa kumwuzia yeye tu, si mwingine. Mizani ni ya kwake. Bei anapanga yeye. Kama shimo halitoi kitu, chakula kinaendelea kuandikwa, na deni linakomaa. Na daftari la deni, nani analiandika? Yeye mwenyewe. Mtu akitaka kurudi shuleni, ao akiugua, lazima kwanza kulipa. Ndugu yake yuko pale tangu mwaka mzima, na hajui deni lake ni kiasi gani.

"Papa Pasta," akasema, "mule ndani mufalme hana nafasi ya kutokea."

Sikuongeza neno. Ubao ulikuwa umehubiri kuliko mimi.

ESAU NA YULE MFALME WA LUKA

Ndugu msomaji, fungua Biblia yako katika Mwanzo 25. Esau anarudi toka porini na njaa, anaona chakula chekundu cha ndugu yake kinachemka. Hakuuliza bei. Bei ilipotajwa, hakuhesabu. Aliona kwamba haki ya mzaliwa wa kwanza haina kazi kwa mtu mwenye njaa. Akakula, akanywa, akasimama, akaenda zake. Tumbo lilikuwa limejaa. Vitu vyake vyote vilikuwepo, isipokuwa kile kilichokuwa cha maana.

Kisha soma Luka 14, kuanzia mstari wa 28. Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, na juu ya mfalme anayetaka kwenda vitani na watu elfu kumi dhidi ya elfu ishirini. Wote wawili wanafanya jambo moja mbele ya kuanza: wanakaa chini. Mwenye kukaa chini anaweza kuhesabu. Mwenye kusimama na mkono umenyooka hawezi.

Mambo haya si ya kariere tu. Binti yangu, mtu mzima anakupa simu ya bei kubwa na kukuambia hataki kitu. Juu ya nini amekuacha uchukue? Baba, mtu anakukopesha feza ya sikukuu bila karatasi, na kukuambia mtaelewana mbele. Mtaelewana wapi, na mlangoni kwa nani? Mama, jirani anakuita katika biashara ambayo feza yako inazaa mara mbili kwa wiki tatu. Askari yule wa e5 naye alikuwa peke yake, mzuri, bila mlinzi.

Sisemi kila zawadi ni mtego. Neema ya Mungu ni ya bure kweli, na iko wazi: tunajua nani alilipa, na wapi, na kiasi gani. Hilo ndilo linaitofautisha na bure za dunia. Bure ya dunia inaficha mlipaji wake.

NA YULE ALIYESHINDA?

Ningemaliza hapa, Mdogo angebaki shujaa wetu, na ingekuwa kosa. Sikiliza yaliyompata.

Wiki ile nzima alitembea kifua mbele. Aliuweka mtego wake mbele ya wanakwaya watatu, na wawili wakanaswa. Jumamosi iliyofuata mwalimu mmoja wa hesabu alipita kutusalimu. Mdogo akamkaribisha: "Mwalimu, kamata vyeupe." Wakacheza. Askari, askari. Farasi, farasi. Askofu c4. Na Mdogo, haraka haraka, farasi d4.

Mwalimu hakucheza. Aliweka mikono yake chini ya mapaja, akatazama. Dakika nzima. Kisha, badala ya kula askari wa bure, akakula farasi kwa farasi wake, pale pale d4. Mdogo akamkula kwa askari wake. Halafu mwalimu akamficha mfalme wake. Basi. Hakuna mtego tena. Kilichobaki ni Nyeusi ambayo farasi wake alipoteza nafasi kwa kurukaruka, na askari wake wa e5 amevutwa mpaka d4, mbali na wenzake. Nyeupe imetulia, imetangulia. Mchezo ulikwenda karibu saa moja. Mdogo alishindwa polepole, kama nguo inayochanika.

Maana ukweli ndio huu: ile farasi d4 si mchezo mzuri. Ni mchezo mbaya unaovaa nguo nzuri. Unashinda tu kama mwingine yuko na tamaa. Mara nne utashinda na kusifiwa, mara ya tano utakutana na mtu aliyekaa chini akahesabu, na hutakuwa na kitu kingine mkononi, kwa sababu siku zote ulijifunza mtego badala ya kujifunza mchezo. Mithali 26 inasema juu ya mtu achimbaye shimo kwa ajili ya mwenzake. Katika nchi yetu ya mashimo, neno lile halihitaji maelezo.

Mdogo alikuja kwangu na uso mrefu. "Papa Pasta, ule mutego umekwisha."

"Hapana," nikamwambia. "Wewe ndiye unayeanza."

Nilimpenda zaidi siku ile kuliko siku ya makofi. Jumamosi iliyofuata aliomba mwalimu amfundishe.

MWISHO WA HABARI

Wengine mtauliza: na Mkubwa? Sitaki kukupamba habari. Alibaki shuleni ile miezi miwili, akafanya Examen d'État, akapata diploma yake. Feza ya chuo haikupatikana mwaka ule. Baada ya mtihani alienda kuchimba, ndiyo, alienda. Lakini alienda na karte yake, pamoja na kundi la watu wazima watano walionunua vifaa vyao wenyewe, sururu moja kwanza, kisha ya pili, na walimwuzia mnunuzi waliyemtaka. Hakutajirika. Kulikuwa na wiki ambazo alirudi na unga tu. Lakini siku alipotaka kutoka, alitoka. Hakuna daftari lililomshika mguu. Leo anafundisha katika shule ya msingi, na Jumamosi bado anakuja na besi yake, kisha anakaa mbele ya ubao na mikono chini ya mapaja.

Ndugu yake bado yuko kule. Tunamwombea, na tunatafuta pamoja na jamaa namna ya kulimaliza deni lile.

Ndugu msomaji, mfalme wa Mkubwa hakufa kwa sababu alikuwa maskini. Alikufa akiwa na malkia, minara miwili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari 6. Alikufa kwa kukosa chumba kimoja cha kutokea. Mbele ya kukamata kitu wiki hii, kaa chini, hesabu, na uangalie kwamba chumba kile kiko wazi. Bwana akupe moyo wa kungoja. Amen.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Chezeni tena mchezo huu pamoja, mtoto mmoja Nyeupe, mwingine Nyeusi. Mara ya 4, Nyeupe ingeweza kufanya nini kingine?

2. Somo la Esau, Mwanzo 25: ni wakati gani angeweza bado kusimama?

3. Je, katika nyumba yetu kuna kitu tulichopokea bure, na mpaka leo hatujui nani analipa? Tuongee bila hasira.

4. Je, mimi mwenyewe nimemwekea mwenzangu mtego, katika biashara, katika masomo, ao katika urafiki? Nitatengeneza namna gani?